Swali Gumu Kuliko Pointa

Juzi asubuhi, kwenye treni ya Red Line kutoka Silver Spring kwenda Washington, Marekani, nilikaa mkabala na mke na mume. Mume alivaa suti, anakwenda kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu kwa lugha ya C. Mke, aliyevaa sare ya kazi ya kutunza wazee, alishika kadi za maswali.

"Pointa ni nini?"

"Variable inayobeba anwani ya nyingine."

"Memori uliyoomba kwa malloc, ukimaliza nayo?"

"Naiachia kwa free."

"Na ile pointa?"

Mume akazichungulia kadi.

"Unaipa NULL, isielekeze popote tena," mke akasema bila kuangalia kadi. "Haya, unaijua C vizuri?"

"Kidogo tu," mume akajibu, macho chini.

Kadi zikamshukia mke mapajani. "Miaka minane umeiandika Dar, leo kidogo? Hawa Wamarekani ukiwaambia kidogo, wanaandika kidogo!"

"Sasa nijisifu, mke wangu?"

"Jisifu! Mungu anajua ulivyolelewa, atakusamehe."

Ndivyo tulivyolelewa wengi. Fundi amejenga ghorofa tano, ukimsifia atakwambia anajaribujaribu tu.

Mke alimrudisha kwenye swali la kuijua C mara tatu, mpaka "naijua vizuri sana" ikatoka bila kigugumizi. Akamnyooshea tai, mume akashuka kituoni.

Nikashindwa kunyamaza. "Dada, kumbe na wewe C unaijua hivyo?"

Akazikusanya kadi taratibu, akainamisha macho.

"Kidogo tu, kaka."