Mashine Iliyozimika Kila Nilipoamkia

Walisema sitaweza. Walisema mkoa mzima wa Mara hakuna mtu atakayelipia nyasi kukatwa wakati ng'ombe wanazila bure. Jamaa mmoja niliyesoma naye shule ya msingi aliniuliza mbele ya watu, stendi ya Bunda, "Diploma ya umeme umeitoa Uarabuni uje kuchunga nyasi?" Walicheka sana. Mimi nilijijua. Kule nilihudumia mashine za kukatia nyasi kwenye viwanja ambavyo wao hawajawahi hata kuviona, na ikiharibika moja niliitwa mimi kwanza.

Fedha nilizorudi nazo hazikutosha kununua mashine. Kwetu ndugu hakukopeshi noti, anakukopesha ng'ombe. Unamuuza, na siku ya kulipa unarudisha ng'ombe wa umri uleule, aliyefunuliwa mdomo na kukaguliwa meno. Baba mdogo wa Butiama alitoa madume, shangazi wa Mugango akatoa mitamba. Mama aliweka dhamana ng'ombe wote alioachiwa na marehemu baba. Nikishindwa, zizi lake lingebaki tupu.

Nikanunua mashine ya kukatia nyasi iliyokwishatumika, ile ya kukaa juu na kuendesha kama trekta dogo. Kazi ya kwanza ilikuwa uwanja wa kanisa Butiama, askofu akitarajiwa Jumapili kwa kipaimara. Kamati iliniambia wazi kwamba uwanja usipokwisha Ijumaa, wataita vijana wa fyekeo, na mimi nisirudi tena.

Alhamisi nilikuwa nimekata kipande kizuri wakati baba mdogo alipotokea kwenye uzio na fimbo yake, kuja kuangalia ng'ombe wake waliogeuka chuma. Nilimwamkia, na papo hapo mashine ikazima. Nikageuza ufunguo, kimya. Nilipima betri, ikawa nzima. Fyuzi nzima. Nyaya za stata nilizikaza zote. Nilipokaa tena na kugeuza ufunguo ikawaka bila sababu, nikakata mistari kadhaa, kisha baba mdogo akapita upande wa pili, nikamwamkia, ikazima.

"Hiyo inamjua mwenye ng'ombe," alisema mwanakamati mmoja. "Muda wote ilikuwaga nzima, akija tu inakufa."

Wenzake walicheka. Mimi niliirudia betri na fyuzi, nikapima upya. Niliwaza mama akiwaswaga ng'ombe wake kuwapeleka kwa watu.

Kilichoniokoa ni kichwa changu, na hilo nalisema bila aibu. Niliacha kuiuliza mashine nikajiuliza mwenyewe: kabla haijazima nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nainuka. Baba mdogo huwezi kumwamkia umekaa. Uarabuni sikuwa na mtu wa kumwinukia, ndiyo maana sikuwahi kuyaona haya. Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini dereva akinyanyuka, ili visu visimkate. Lakini nilipokaa tena ilipaswa kukubali. Nikafunua kiti. Springi ilikuwa imeusugua waya wa swichi ile hadi shaba ikakatika ndani ya mpira wake. Kila nilipoinuka ncha ziliachana, na nikikaa zilikutana pale zilipojisikia tu.

Ili nihakikishe, niliiruka swichi kwa kipande cha waya, umeme upite bila kuigusa. Nikawasha, nikafungua visu vikazunguka, nikainuka. Haikuzima. Nilikuwa na haki ya kufurahi, na nikafurahi. Baba mdogo naye aliingia uwanjani, akaja hadi karibu. Mwili ukafanya ulichofundishwa tangu utoto: nikashuka kumwamkia vizuri, visu vikizunguka nyuma yangu.

"Sasa hii inakulia wapi?" aliuliza, akaichomeka fimbo chini ya ukingo.

Fimbo ilinyakuliwa na visu, ikamvuta naye. Alianguka kwa magoti, mkono mbele. Niliurukia ufunguo nikaizima mashine, kisha nikaogopa kugeuka. Nilipogeuka niliushika mkono wake nikaufungua kidole kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Nikamwinua.

Aliangalia vipande vya fimbo kwenye nyasi. "Ungekuwa mguu wangu," alisema taratibu, "ungenirudishia nini?"

Nikafunua kiti tena.

Niliutoa waya ule wa kuruka. Nikakata palipochakaa, nikaunga waya mpya kwa risasi ya kulehemu, nikaufunga mbali na springi. Nikakaa, ikawaka. Nikainuka, ikazima. Nikakaa, ikawaka. Baba mdogo, ameketi mbali juu ya jiwe, alinifanya nirudie hivyo mara nyingi kabla hajaniruhusu kukata. Ijumaa uwanja ulikwisha.

Baada ya hapo ziliniita hoteli za Musoma, shule za Bunda, hata Nyamuswa. Siku ya kulipa niliwaita wadai wangu wote nyumbani kwa mama. Shangazi aliwafunua midomo mitamba mmoja mmoja, akamkataa mmoja mwenye pembe iliyopinda, nikambadilisha palepale, maana nilikuwa na wa akiba. Baba mdogo aliwazunguka madume yake, kisha akamgeukia mama.

"Shemeji, ng'ombe wako ni wako."

Mama alinyanyuka. Alikwenda zizini mwenyewe, akawahesabu kwa kuwagusa migongo, akafunga mlango.