Nyanya Waliokataa Chokaa

Mara ya kwanza mama mkwe wangu alipokuja kwetu Buruburu, alikaa siku chache tu akarudi Mombasa bila ya kugombana na mtu. Hilo ndilo lililoniuma. Laiti angegombana nami, ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Lakini alinikumbatia mlangoni, akasema, "Mwaishi vizuri, wanangu, Mungu awazidishie," akaenda zake stesheni na mwanawe. Wifi yangu ndiye aliyetuletea maneno yenyewe baadaye: mama hakupata pembe ya kuswalia.

Alikuwa na haki. Alilala sebuleni, na sebule yangu ilikuwa duka la picha. Nilikuwa mwalimu wa kuchora katika shule moja ya msingi pale Jericho, na kila Jumamosi watoto wa majirani walijaa nyumbani kwangu na makaratasi yao. Walichochora nilikitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, maana mtoto asiyeona picha yake imetundikwa huona amefukuzwa. Ng'ombe, polisi, bwana na bibi harusi, wote walining'inia kutoka dirishani hadi kabatini. Mama mkwe alifunzwa na wazee wake kutoswali mbele ya sura ya kiumbe. Basi kila wakati wa swala aligeuza picha zilizomwelekea, moja moja, akaswali, kisha akazigeuza tena kama zilivyokuwa. Mimi, mwerevu wa watu, nilidhani anazipangusa vumbi.

Baadaye akaanguka bafuni kwake. Alikuwa akiishi peke yake tangu baba mkwe afariki, na alilala pale sakafuni tangu alfajiri mpaka jirani alipokuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Hakuvunjika, lakini daktari alisema mama huyu asiachwe peke yake tena. Mume wangu akampigia simu kwa jirani, akambembeleza wee, hata mwisho akajibiwa, "N'taja nitazame." Kutazama si kukaa. Mume wangu aliliweka lile neno moyoni akawa hali vizuri. Kila simu ya ofisini ikilia alidhani ni habari mbaya ya Mombasa.

Nami nilikuwa na langu. Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, baba yangu mtu wa reli, na nyumbani kwetu tulikuwa Wakristo. Nilipotaka kuolewa na kijana Mwislamu wa pwani, watu wa pande zote mbili waliinua mikono kupinga, hata baada ya mimi kusilimu. Mama huyu ndiye aliyewanyamazisha wa kwake. "Mtoto wa watu keshaingia mlangoni," alisema, "sasa ni wangu, na mwenye neno aje kwangu." Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Hakuna mtu aliyewahi kuniita "wangu" mbele ya kadamnasi. Nilimtaka mama huyu akae kwangu, na nilimtaka kwa roho yangu yote.

Kwa hiyo tukajenga chumba. Tulikitoa upande wa mbele, penye kipande cha bustani kando ya lango. Mume wangu aliazima dira kwa rafiki yake, akasimama katikati ya majani ya sukumawiki akizunguka kama kuku aliyepoteza mayai, akitafuta kibla. Aliporidhika alimwonyesha fundi upande wa kaskazini, akamwambia ukuta ule uwe mtupu kabisa, usiwe na mlango, rafu wala swichi ya taa. Mama atakapotandika mswala wake, asione kitu mbele yake ila weupe.

Asiyewahi kuishi ndani ya nyumba inayojengwa hajui kuvumilia ni nini. Saruji iliingia kwenye sukari. Iliingia kwenye nywele, kwenye godoro, na kwenye daftari za wanafunzi wangu. Binti yangu mdogo alizoea kupuliza chai kabla ya kuinywa hata ikiwa imepoa. Sebule ilijaa mbao na magunia, na nilipaswa kuwaambia watoto wa Jumamosi wakae kwao mpaka tumalize. Sikuweza. Walisimama langoni na makaratasi yao, nikawaonea huruma, nikatazama ndani ya kile chumba kipya. Lipu ilikuwa imekauka, sakafu imefagiliwa, na fundi alikuwa anarudi Jumatatu kupaka chokaa. Mbele yangu ulikuwapo ukuta mpana, mtupu, usio na mlango wala swichi.

"Leo hatutumii karatasi," nikawaambia. "Leo mnapewa ukuta mzima."

Hamjaona furaha kama ile. Niliwagawia kalamu za nta zilizobaki shuleni na kuwapa jambo la kuchora: nyanya anakuja kwetu, basi kila mtu amchore nyanya yake. Kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha kwamba uso huanza na macho, walianza na macho. Walichora macho makubwa kama visahani, wakabandika nyanya nyuma yake. Kulikuwa na nyanya mwenye mkongojo, nyanya mwenye kikapu cha viazi, nyanya aliyefunga kilemba, na nyanya aliyekaa juu ya trekta.

"Ticha, cheki shosho yangu, ako na meno moja!" akapaza sauti mmoja.

"Yako si kitu, yangu ako na bunduki!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni mume wangu alipouona ukuta naye alicheka, akauliza tu, "Jumatatu utapakwa, siyo?" Nikamwambia chokaa itafuta kila kitu.

Jumatatu fundi alikoroga chokaa yake na chumvi ili ishike, akatia bluu kidogo ya kufulia nguo, akapaka. Ukuta ulikuwa mweupe ukiwa bado maji. Ulipokauka, macho yakarudi. Jumanne akapaka tena, akiwa amekunja uso, na wale nyanya wakatokeza vilevile, sasa wakipendeza zaidi kwa kuwa nyuma yao palikuwa peupe.

"Mama, hii ukuta imekataa," fundi akaniambia, akiirudisha brashi ndoo­ni. "Mimi nimepaka nyumba mingi sana, lakini hii sijaona."

Mimi nilijua, na kujua kwenyewe kulinitia homa. Kila muhula niliwafundisha watoto wa shule mchezo mmoja: chora kwa nta ya mshumaa kwenye karatasi, kisha pitisha rangi ya maji juu yake. Maji huikimbia nta, na picha hutokeza. Watoto huona ni uchawi, nami husimama pale nikijiona mganga. Na mganga hajigangi. Nilikuwa nimewapa watoto kalamu za nta kwenye ukuta unaongojea chokaa ya maji, tena ukuta wa kibla.

Tulijaribu mafuta ya taa, tukapata nyanya waliopakaa na chumba kinachonuka kama jiko la stovu. Fundi alijaribu msasa, ukaanza kula lipu yenyewe. Kukwangua na kupiga lipu upya kungechukua siku nyingi, na mama alikuwa anaingia Alhamisi asubuhi kwa gari moshi.

"Mwalimu," mume wangu akasema. Aliniita mwalimu pale tu alipokuwa na hasira. "Mama yangu anakuja kutazama. Atatazama nini?"

 Jumatano nilifungua sanduku langu la nguo, nikatoa leso zangu zote, hata zile za harusi ambazo sikuwa nimezikata, nikazipigilia misumari ukutani kutoka pembe hadi pembe. Mume wangu alinishikia ngazi. Chumba kikapendeza, sikatai. Lakini kila upepo ulipopita dirishani leso zilitikisika, na chini ya upindo mmoja palichungulia kiatu cha nyanya wa trekta.

Mama akaja. Alikuwa amepungua, anatembea akiushika mkono wa mwanawe, na nilipombusu mkono niliuona mwepesi. Tulimpa chai na mahamri, tukampeleka chumbani. Akasimama mlangoni akitazama zile leso.

"Mmenipambia kama biarusi," akasema, akatabasamu. Kisha akasogea, akagusa kichwa cha msumari. "Lakini mwanangu, leso yatiwa msumari? Leso si ya kuvaliwa?"

"Ni kwa siku hizi za kukukaribisha tu, mama."

Aliswali humo Alhamisi, akaswali Ijumaa, nami kila alipoanza swala nilisimama jikoni nikiomba dua zangu za kuzuia upepo. Sijawahi kuogopa kitambaa maishani kama nilivyoziogopa zile leso. Chakula nilikipika kikaungua, kikapikwa tena. Mume wangu akirudi kutoka kazini ananitazama tu usoni, nami natikisa kichwa: bado hajaona.

Jumamosi watoto wakaja. Nilikuwa nimewakataza, lakini habari za kuja kwa nyanya zilikuwa zimezunguka nyumba zote, na walitaka kuona kama wamempatia sura. Walimkuta mama ameketi kitandani, nami nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Kumbe mama alikuwa ameshindwa kuvumilia ile misumari. Alikuwa amemwita binti yangu apande kiti, azishushe leso moja moja, naye azikunje. Nilichosikia mimi ni sauti ya binti yangu, ikipenya mpaka kwenye karai langu la povu:

"Nyanya, sasa utaona wenzako!"

Nilikimbia na mikono ina sabuni. Nilipofika mlangoni leso zilikuwa zimekunjwa mapajani mwa mama, na ukuta mzima wa nyanya ulikuwa unamkodolea macho. Watoto walikuwa wamepanga mstari. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. 

"Niletee kapu langu," akasema.

Kapu lake ndilo alilosafiria. Nililitoa chini ya kitanda, na niliona tayari anavyopangusa mchanga wa viatu, anavyonikumbatia mlangoni, anavyotuombea Mungu atuzidishie. Niliona ile sakafu ya bafu. Mama akatia mkono ndani ya kapu, akapekua, akatoa miwani. Akaivaa.

"Huyu wa trekta," akauliza, "yuwaenda wapi?"

"Shamba!" watoto wakajibu kwa pamoja, na mmoja akaeleza kwamba trekta si ya shosho hasa, ni ya koperativu. Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu alioumia, na watoto wakacheka kwa sababu yeye anacheka, na mimi nikaketi juu ya gunia tupu la saruji.

Nikamweleza yote hapo hapo, nta na chokaa na mafuta ya taa. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha vya kutosha. Mama alisikiliza akikunja ncha ya leso.

"Sasa sikiza, mwanangu. Mimi sina ugomvi na mabibi wa watu, lakini kuswali wananitolea macho siwezi. Zile kalamu zingaliko?"

Zilikuwapo. Na hapo mama mkwe wangu, aliyekuja kutazama, akaanza kufundisha darasa langu. Alitandaza leso moja kitandani, akawaonyesha watoto maua yake, na yale maumbo ya korosho yanayozunguka pindo. Akawaambia kila mmoja aende kwa nyanya yake ayafunike macho kwa ua, ajaze uso wote majani, asiache pua wala mdomo. Nta juu ya nta ilishika bila shida. Yule mwenye bunduki akageuka mgomba. Trekta ikawa chungu cha waridi.

"Wewe, hilo korosho lako limelala. Linyanyue mkia," mama aliamuru kutoka kitandani. "Na wewe mwalimu wao, mbona wakaa? Chukua kalamu."

Nikachukua. Adhuhuri ilipoingia ukuta ulikuwa bustani isiyo na mtu ndani yake. Mama aliutazama kwa miwani, kisha bila miwani, akasema, "Haya, nipisheni," akatandika mswala wake. Tuliwatoa watoto kwa kunyata. Nilisimama nje ya mlango na moyo wangu ulikuwa mtulivu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini neno la kukaa hakuwa amelitamka, nami sikuthubutu kuliuliza.

Mume wangu alikuwa ameitwa kazini Jumamosi ile. Aliporudi alikuta leso zimeanikwa kambani kama siku nyingine yoyote, akajua. Alipita mbele yangu bila salamu, akaingia chumbani kwa mama yake akiwa bado na koti. Nilimfuata nyuma. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameupa mgongo ukuta wa maua, anatazama upande wa njia.

"Shikamoo mama. Mama, mimi nilikuwa nataka kukueleza—"

"Marahaba. Hebu ndoo hapa, keti nilipoketi mimi," akamkata. "Tazama nje. Waona nini?"

Mume wangu akaketi, akainama. "Naona... naona paa la jirani tu, mama."

"Basi! Dirisha mmelipandisha juu kama la jela. Mwataka nikae humu mpaka nife, nisimwone hata apitaye njiani?"

Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama: lile neno la kukaa lilikuwa limetoka. Kisha aliinuka, akasema litateremshwa mama, litateremshwa kesho, akatoka kwenda kumtafuta fundi kabla hata hajanywa maji.