Mshipa wa Bibi Zuwena

Siku ya kwanza kazini, pale hospitali ya Ibra, nilikabidhiwa machela nikaambiwa, "Sukuma, usiseme." Nikasukuma. Kusema nilijifunza mwenyewe. Skuli niliiacha mapema, lakini kutoka Ibra nilipelekwa Sur, na kutoka Sur nikapandishwa Nizwa, kwenye chumba cha mishipa ya moyo, niwe mkalimani wa Daktari Mkuu, mgeni asiyejua Kiswahili cha wazee wetu. Wenye vyeti walikuwepo. Nikachukuliwa mimi.

Bibi Zuwena wa Birkat al Mauz aliletwa na mshtuko wa moyo. Mshipa uliomwangusha ukafunguliwa siku ile ile: puto dogo likatanua palipoziba, kikawekwa kijibomba cha wavu wa chuma pasirudi kubana. Picha ikaonyesha mishipa miwili mingine imebana nusu nusu. Hapo ndipo penye kazi. Ukiuacha mshipa unaozuia damu, utamrudisha kwa machela. Ukifungua usiozuia, umemtia chuma bure.

Kesho yake Daktari Mkuu akaniambia, "Muulize kama kifua kilikuwa kikimuuma akitembea."

"Alhamdulillah, sijambo mwanangu," akajibu Bibi.

"Haumwi," akasema Daktari Mkuu nilipotafsiri. "Tumpe dawa, aende kwao."

"Daktari, ngoja kwanza."

"Wewe mkalimani au daktari?"

"Mkalimani. Lakini wazee wetu nawajua."

Nikavuta kiti. "Shikamoo Bibi. Bustanini siku hizi nani anakata ndizi?"

"Marahaba. Anakata mjukuu. Mimi nikifika kwenye mfereji wa falaji sharti nikae kitako."

"Mara moja?"

"Mara mbili, tatu. Mkono huu unakuwa mzito, kifua kama kimekaliwa. Lakini uzee huo, baba, nimsumbue daktari wa watu?"

Nilipotafsiri, Daktari Mkuu aliagiza waya mwembamba unaopima msukumo wa damu kabla na baada ya palipobana. Mshipa mmoja, msukumo ulianguka vibaya. Ukafunguliwa. Wa pili, damu ilipita vizuri.

Mwana wa Bibi akaja juu: "Na huo mnamwachia?"

"Huo dawa zinautosha," nikamwambia. "Mama yako si mfereji, kila mahali pazibuliwe."

Bibi akarudi kwao kwa miguu yake.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Samad na mitende yangu. Wauguzi vijana wananipigia simu, nami nawaambia: mzee wa kwetu ukimuuliza maumivu atakujibu kwa adabu tu, muulize kazi aliyoiacha. Waya wa kupimia ulikuwepo kabatini siku zote. Alihitajika mtu wa kuwafanya wautoe, na wallahi, mtu huyo nilikuwa mimi.