Mhadhiri Aliyempotezea Shangazi Jina

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mhadhiri wetu kilikuwa mguu wake wa kulia. Kila aliposimama kuzungumza, ulipanda na kushuka chini ya meza, kama unaokanyaga cherehani. Wanafunzi tulidhani ni woga. Nilipofika kwao ndipo nilipoelewa: alilelewa na shangazi yake, fundi wa nguo, na masomo yake yote aliyasomea kando ya cherehani inayonguruma.

Chuo kimemkabidhi mihadhara ya wazi kuhusu urithi wa utamaduni, ile inayofanyika kwenye maktaba na kumbi za shule, na yeye huipenda kuliko darasa. Kabla ya kila mhadhara humsomea shangazi, akiwa ameketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Neno likimgusa shangazi, cherehani husimama. Ikiendelea kunguruma, mhadhiri hufuta.

"Hapo umesema nini?" shangazi huuliza.

"Kwamba utambulisho hujengwa kwa makubaliano ya kijamii."

"Haya. Kamwambie muuza mkaa, uone kama atakupunguzia bei."

Mhadhara mmoja tu hakumsomea, kwa kuwa muda ulimbana. Ulihusu nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na ulifanyika katika shule ya mtaa wao wenyewe. Akitafuta mfano wa karibu, aliwasimulia watu habari za mwanamke aliyeletwa mtaani na ndoa, akafiwa na mume, akabaki akiwashonea watoto wa watu sare za shule, na mpaka leo anaitwa Mgeni. "Je, mtu huacha lini kuwa mgeni?" aliuliza. Kila mtu ukumbini alijua ni nani anayesemwa. Waliinamisha vichwa, kisha wakapiga makofi. Mhadhiri alirudi nyumbani akiamini hajawahi kuzungumza vizuri kama siku ile.

Kesho yake kinyozi wa jirani alipita dirishani kwa shangazi. Kwa kawaida huegemea dirisha na kuanza uchokozi: "Mgeni, umeamkaje? Au kitanda cha kwetu bado hujakizoea?" Siku hiyo alisema, "Shikamoo, mama," akaenda zake. Wanawake nao wakaanza kumwita Mama Mshonaji. Zamani wakikosana walisema, "Mwiteni Mgeni, hana ndugu wa kumpendelea," naye alikwenda na futi yake shingoni, akawagombeza wote wawili. Sasa waligombana wenyewe kwa wenyewe, na dirisha lake likawa kimya.

"Umenipotezea jina langu, mwanangu," alimwambia mhadhiri.

"Shangazi, nilikuwa nakutetea."

"Nani alikuja kukulilia kwamba naonewa? Mwaka wa kwanza liliniuma, sikatai. Nikalivaa hivyo hivyo mpaka likanikaa mwilini. Wewe umenivua mbele za watu, na sasa wananisalimia kama waliokuja kuhani msiba."

Sidhani swali la mhadhiri lilikuwa baya. Ila mwenye jibu alikuwapo, na mwingine akamjibia. Mhadhiri alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, akamkuta ananoa wembe.

"Mwite tu kama zamani, baba."

"Ulisema ukumbini kwamba tunamtenga. Mimi na mvi hizi nianze kuitwa mbaguzi? Shikamoo yanitosha."

"Basi nitayafuta maneno yangu."

"Uliyasemea wapi?"

Ndiyo maana mwalimu mkuu ameombwa ukumbi tena, akautoa: Jumamosi hii, alasiri. Mhadhiri aliandika mhadhara mpya, mrefu, wa kuomba radhi, akaja kumsomea shangazi. Cherehani ilinguruma mwanzo hadi mwisho. Akaandika mwingine, ikanguruma vilevile. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu.

"Shangazi, tukae wote mbele. Useme wewe."

Cherehani ikasimama. "Niseme nini mbele ya watu wazima?"

"Uliyoniambia mimi."

Shangazi alikata uzi kwa meno, akafikiri. "Nitakuja. Kama nitafungua mdomo, hilo sijaahidi."

Leo ni Alhamisi. Shangazi anajishonea gauni, na mtu akiingia hulifunika kwa sare za watoto. Mhadhiri hupita kila jioni akitafuta cha kuuliza ambacho si lile swali lenyewe, kama atafungua mdomo Jumamosi, kwa kuwa ameonywa asimsumbue. Mimi nimepewa kazi ya kupanga viti, na nimeviweka viwili mbele, sawasawa. Kinyozi naye ameshanivuta pembeni kuniuliza amsalimieje wakikutana mlangoni. Nimemwambia asubiri hiyo Jumamosi kama sisi wengine, amsikie kwanza mwenyewe.