Wimbo wa marehemu ulitupotea kwaya nzima, Git ikaturudishia ule ule

Salaam wakuu wa jukwaa,

Hili limetokea kwetu Mbezi Luis na sijalitia chumvi hata punje. Laptop niliishika mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Naimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Kazi yangu ni kompyuta. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mzee Elia, mstaafu wa shule ya msingi na mtunzi hasa. Nyimbo zake aliziandika kwa nota za herufi, d r m f s, kwa hiyo unazichapa kwenye faili la kawaida kama unavyochapa meseji.

Sasa wanakwaya mnatujua, kila mtu fundi. Wimbo mmoja unazunguka kwenye grupu, mara "final", mara "final kabisa", mara "final ya kweli". Nikachoka, nikaziweka zote kwenye Git.

Kwa asiyeijua, Git inatunza faili pamoja na kila hali iliyowahi kupitia. Kila ukihifadhi mabadiliko, toleo hilo linapewa utambulisho wake wa herufi na tarakimu, na toleo jipya halifuti la zamani.

Nilipomwonyesha mzee aliduwaa.

"Kwa hiyo hii haisahauga?"

"Haisahau mwalimu, ila lazima ujue kuiuliza."

Nikamfundisha namna ya kuhifadhi, na namna ya kulibandika toleo jina ulitakalo. Akaagana nami anacheka.

Mzee akatwaliwa kabla wimbo wake wa mwisho haujaimbwa kanisani. Kijiti akakipokea Joel, kijana mwenye kipaji na mikono isiyotulia. Akafungua faili, akaukoleza: mwendo ukaongezeka, alto wakapandishwa juu. Tuliupenda, siwadanganyi. Tukapanga kuuimba kwenye ibada ya familia ya kumkumbuka mzee.

Wiki ya ibada mjane wake, Mama Neema, akaja mazoezini. Tukamwimbia kwa mbwembwe zote. Tulipomaliza hakupiga makofi.

"Wanangu, sauti mnazo. Ila huu siyo wimbo wa Baba Neema. Pale kwenye 'nishike' alto walikuwa wanashuka. Nyie mnapaa. Kama umeshapotea, imbeni mwingine, huu muuache."

Joel aliinamisha kichwa, nikamhurumia. Hakuna aliyewahi kuurekodi. Aliyeusikia kwa mtunzi mwenyewe ni yule mama peke yake.

Nikafungua laptop pale pale kwenye benchi.

Git unaweza kuiuliza kwa njia nyingi. Unaweza kuutaja ule utambulisho wa toleo, na herufi zake chache za mwanzo zinatosha. Unaweza kuhesabu kurudi nyuma: nipe la kabla ya hili. Nikaanza na hiyo. Nyuma ya Joel, Joel tena.

Nikauliza kwa tarehe: nionyeshe faili lilivyokuwa kabla mzee hajalazwa hospitali. Likaja. Wakuu, kuona kazi ya mtu aliyekwisha kuzikwa, herufi kwa herufi kama alivyoiacha, kunatisha kidogo.

Lakini alikuwa amehifadhi matoleo mengi mno siku zile. Hapa alto wanashuka, pale wanapanda, kwingine wananyamaza kabisa. Mzee alikuwa anahangaika. Sasa lipi ndilo? Kuchagua ningeweza, ila nilijua siyo haki yangu.

Ndipo nikakumbuka yale majina niliyomfundisha kubandika. Nikaiambia Git iniorodheshee, bila matumaini.

Likatoka moja tu:

mama-neema-kakubali

Nilimgeuzia mama laptop. Alisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Aliniimbia namenya ndizi," akasema. "Nikamwambia huo hapo, usiuguse tena. Kumbe aliandika?"

Nikafungua toleo lile. Kwenye "nishike", alto wanashuka.

Joel ndiye aliyetuongoza kuujifunza upya. Siku ya ibada, tulipokaribia pale, Mama Neema aliinuka kwenye kiti cha wafiwa, akaimba nasi, akashuka na alto hadi chini kabisa. Mimi mbeba besi sauti ilikatika, nikawa nafungua mdomo tu.

Naijua Git miaka na miaka, nikadhani naijua. Kutunza kila kitu inaweza. Kukwambia lipi lilipendwa haiwezi, mpaka mtu aketi alipe jina. Mzee alilijua hilo kuliko mimi niliyemfundisha.

Basi wakuu, kwenye mafaili yenu, au hata kwenye maisha yenu, kuna toleo gani mngelibandika jina lisipotee? Na mngeliitaje? Tiririkeni hapo chini, nasoma zote.