Fundi wa Hesabu Inayogoma Kushuka

Saa mbili asubuhi, chai imeshapoa. Mwanamke ameinamia kompyuta kwenye meza ya kulia chakula. Kando yake kuna kidude kidogo, nyaya zimekitoka kama utumbo. Anakichomeka, anakichomoa, anakichomeka tena. Macho hayabanduki kwenye namba moja tu ya kiooni.

"Ngoja kwanza," anamwambia mwandishi. "Imegoma kushuka."

Wenzake humwita Fundi Sifuri. Kazi yake ni kutengeneza kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu ya chini kabisa inayogawa kumbukumbu kwa programu nyingine. Kila kipande cha kumbukumbu, anaeleza, ni kama chumba: anayeingia huongeza moja, anayetoka hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, chumba husafishwa, apewe mwingine.

"Mtu akitoka bila kupunguza, chumba hakisafishwi milele," anasema. "Akipunguza mara mbili, anambomolea mwenzake akiwa bado ndani. Hapo ndipo watu hulia."

Kidude kilicho mezani hulinda joto la friji la chanjo. Kingine kama hicho kipo kwenye zahanati anakofanya kazi dada yake fundi, muuguzi, na huganda, yaani huacha kufanya kazi, kila baada ya wiki chache. Kikiganda, king'ora hakilii hata friji likipata joto. Safari iliyopita chanjo za watoto zilitupwa zote.

Simu inaita. Ni dada.

"We mdogo wangu, friji lako limezubaa tena!"

"Friji si langu, dada."

"Lote lako mpaka lipone! Kina mama wamejaa hapa, na mimi nachungulia kipimajoto kama naoka keki."

"Endelea kuchungulia. Nakaribia."

Kosa alilikamata jana. Kidude kikiomba kusoma joto, hesabu hupanda hata ombi likigonga mwamba. Aliyeandika programu alidhani ombi lililokataliwa halidai kitu, akaondoka bila kupunguza. Vyumba vichafu vikajaa taratibu, mpaka kidude kikakosa pa kuweka mguu.

Rahisi? Marekebisho yake ya kwanza yalipunguza mara mbili. Mkaguzi wa kazi yake aliyarudisha na maneno machache: "Hapa umembomolea mtu, dada."

"Nilinuna," anakiri, akicheka. "Halafu nikasoma upya. Kweli, nilikuwa nimembomolea."

Sasa anaandika upya, kupunguza kuwe mara moja tu, kisha anachomoa waya makusudi, ombi ligome. Namba inapanda. Inasita. Inashuka: sifuri. Anarudia mpaka kidole kinamuuma, na kila mara ni sifuri.

Anamtumia mkaguzi. Jibu linaingia kabla hajamaliza kupasha chai: "Safi. Napokea."

Mchana huu ataipeleka programu mpya zahanati mwenyewe. Baada ya hapo ana msako mrefu, kwa sababu mafundi huigana, na kosa hilohilo amekwisha kuliona kwenye programu za vidude vingine. Atavipitia vyote, hata ikimchukua mwaka.

"Halafu," anasema akivaa viatu, "nataka siku moja dada anipigie simu tuwasengenye majirani tu."