Nionyeshe Mmoja Aliyetembea

Mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya pili huku naendelea na kazi ya fiziotherapia hapa Korogwe. Utafiti wangu ulihusu watoto wanaozaliwa nyayo zikiwa zimepinda kuelekea ndani, ila sikupima watoto. Nilifuatilia maandishi: nani kamtaja nani, na ni tafiti zipi wengine wanazirejelea zaidi. Jioni, nyumbani Manundu, nilianza kila makala kwa kurasa za mwisho, penye marejeo. Njia karibu zote zilinifikisha kwa daktari yuleyule wa zamani, aliyeandika kwamba mguu wa mtoto hunyooshwa kwa mikono, polepole, kisha hufungwa hogo, gamba gumu la plasta, linalobadilishwa wiki hadi wiki. Miaka mingi wenzake hawakumjali.

Asubuhi moja akaja bibi wa Kimasai kutoka Handeni, pamoja na mkwewe, mke wa mwanawe, aliyebeba kichanga cha kiume. Nyayo zake zilitazamana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Nilieleza matibabu, na mkwe akawa tayari. Bibi akaifunika miguu ya mjukuu kwa mkono.

"Nani amefanyiwa hivi akatembea?"

"Wengi, bibi. Dunia nzima wameandika."

"Hiyo dunia mimi siijui. Nionyeshe mmoja."

Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Nikampigia simu mama mmoja wa Kisambaa, mzaliwa wa Bungu, anayeuza mboga jirani na kwangu. Binti yake tulimtibu akiwa mchanga.

"Walete tu," akasema. "Yupo hapa anaruka kamba."

Mchana tukaenda. Bibi alimpakata yule binti, akamvua ndala, akapapasa visigino vyake kwa kidole gumba, taratibu, kama anayekagua ndama.

"Ulilia?"

"Sikumbuki," mtoto akajibu. "Ila mama hulia akisimulia."

Mama yake akageuka, akajitia kupanga nyanya. Mkwe naye alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Bibi akawatazama wote wawili.

"Haya. Mfungeni mjukuu wangu."

Wakawa wanakuja kila wiki. Nilipokuwa nanyoosha mguu, bibi alimwimbia mtoto kwa Kimaa, lugha yao, na mikono yangu ikajikuta inafuata mwendo wa wimbo. Hogo la mwisho lilipofunguliwa, tukamvisha viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, vya kulalia ili nyayo zisipinde tena.

Halafu wakaanza kuja akina mama wengine kutoka Handeni. Nikiwauliza nani kawaelekeza, wanasema, "Bibi." Mmoja hakuwahi hata kumwona, alisikia kwa aliyesikia. Niliporudi kwenye makala zangu nikasoma kwa macho mengine. Yule daktari hakuinuliwa na madaktari wenzake peke yao. Wazazi walipashana habari, wakawadai madaktari matibabu yake, na ndipo wataalamu wakazidi kumtaja. Nikaliandikia jambo hilo sura nzima.

Mjukuu wa bibi alipoletwa kukaguliwa baada ya kuanza kutembea, alikataa kubebwa. Alivuka chumba akiyumba, nyayo zimetandaa sakafuni, akasimama mbele yangu na kuinamisha kichwa, kama watoto wa kwao wanavyosalimia wakubwa. Nikamgusa utosini. Nikachuchumaa kuzitazama nyayo zake, nikasahau kuitikia. Bibi ndiye aliyeitikia salamu kwa niaba yangu.